Yungiyungi la Oaksey

Kila Aprili, katika bonde la North Meadow huko Cricklade, Uingereza, kati ya mto Thames na mto Churn, huchanua ua dogo la zambarau lililoinama, petali zake zina mirabaraba. Wataalamu huliita Fritillaria meleagris, na neno hilo la pili maana yake ni kanga. Wanavijiji walikuwa na majina yao: kichwa cha nyoka, kwa umbo la tumba lake; kengele ya Lazaro, kwa kufanana na kengele ambayo wakoma wa zamani waliitikisa ili watu wawapishe; na huko Wiltshire, yungiyungi la Oaksey, kwa jina la kijiji. Kwangu mimi majina haya ni kumbukumbu halali ya mahali na ya watu, sawa na daftari la mtafiti. La kengele limehifadhi desturi ya kuogofya ambayo wanaolitazama ua leo hawajaishuhudia kamwe.

Mpinzani atasema jina halina tarehe. Atakumbusha kwamba mtaalamu wa mimea John Gerard, mwaka 1597, alilijua ua hili kama la bustanini, na kwamba hadi mwaka 1736 hakuna aliyeandika kuwa ameliona likimea lenyewe porini. Basi huenda ni mgeni aliyetoroka bustani. Hoja hiyo ina uzito, na jina la kijijini haliwezi kuivunja. Lakini jina hujibu swali jingine: watu walilikuta wapi, nalo liliota kwa wingi kiasi gani hata likaitwa kwa kijiji chao? Na hata kama ni mgeni, aliyemtunza ni desturi. Huko Cricklade bonde ni la wote: nyasi hugawanywa kwa mafungu yaliyowekewa mawe ya mipaka, hukatwa baada ya mbegu kukomaa, kisha kuanzia Agosti 12 hadi Februari 12 mifugo ya wenye haki huingia kulisha, chini ya uangalizi wa baraza la kale la mji. Mabonde mengi ya aina hii yalilimwa au kukaushwa katika karne ya 20, na maua yake yakaenda nayo.

Jina, tena, linaweza kupimwa. Jirani na Oaksey lipo shamba la Clattinger, ambalo halikuwahi kutiwa mbolea ya viwandani, na ua hilo bado linachanua humo.