Nani Amlipe Fundi kwa Kutazama?

Oili ikionekana chini ya gari asubuhi, hukumu huwa imeshatoka kabla ya saa nne. Fundi analala chali juu ya boksi, anamulika kwa simu, kisha anaibuka na jibu: "Bosi, sili ya nyuma imekufa." Sili inafuatwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, gia boksi inashushwa, gari linalala gereji, na wiki inayofuata doa liko palepale. Hapo lawama humwangukia muuza spea kwamba katoa sili feki. Huenda ni kweli, maana feki zipo tele. Lakini mara nyingi hata ile sili iliyong'olewa ilikuwa haina kosa.

Oili haidondoki chini ya pale ilipotokea. Inashuka kwa uzito wake, na gari likikimbia upepo unaitawanya. Gasketi ya tapeti kava iko juu kabisa ya injini. Ikianza kuvuja kwenye kona ya upande wa gia boksi, oili hutambaa kwenye silinda hedi, ikafuata ukuta wa bloku na kujikusanya pale injini inapoungana na gia boksi. Aliyelala chini ya gari ataapa kwamba ni sili ya nyuma ya krenki. Kwa injini nyingi ndogo za Toyota zilizojaa barabarani kwetu, tapeti kava ni kazi ya spana namba 10 na subira kidogo. Sili ya nyuma ni kushusha gia boksi. Kosa la kutazama kwa dakika moja linaweza kuzidisha bili mara kadhaa.

Utafutaji wenyewe hauna uchawi, ila unachosha. Kwanza uhakikishe kwamba ni oili ya injini: tandika boksi safi chini ya gari usiku kucha. Rangi ya kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Nyekundu mara nyingi ni ya gia boksi ya otomatiki au ya usukani. Kijani au waridi yenye utelezi kama wa sabuni ni maji ya rejeta. Maji meupe baada ya safari yenye kiyoyozi hayahitaji fundi, ingawa hakosekani wa kujitolea.

Kisha injini ioshwe. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na bila hiyo kila kinachofuata ni kubahatisha, kwa kuwa injini iliyoloa oili ya miaka mitano haiwezi kukuonyesha oili ya leo. Funika altaneta na koili kwa mifuko ya plastiki, osha injini ikiwa imepoa (na petroli ibaki kwenye tangi), ikauke, kisha gari liende kazini kama kawaida. Likirudi, anza kumulika kutoka juu kwenda chini: tapeti kava, kifuniko cha kujazia oili, swichi ya presha ya oili, filta, sili ya mbele, sampu mwisho. Chanzo ni ile sehemu ya juu kabisa yenye unyevu mpya. Uvujaji ukiwa mdogo mno, pulizia poda ya mtoto mahali unapopashuku. Oili ikipita itaacha mchirizi mweusi.

Kazi hiyo inaweza kula siku mbili, na hapo ndipo tatizo letu lilipo. Fundi anayeosha injini na kusema "nirudishie gari kesho kutwa" hajabadilisha kitu, kwa hiyo tunaona hajafanya kazi. Kukagua kwetu ni bure. Hela hutoka kifaa kinapofungwa. Kwa malipo ya namna hiyo, kumtaka fundi atazame kwa makini ni kumtaka ajinyime chakula. Atafunga kifaa, na atachagua chenye ufundi mwingi.

Asipofunga kifaa atapaka silikoni, jibu la gereji kwa maswali yote. Silikoni ina mahali pake halali: sampu za injini nyingi za Toyota hufungwa kwa gundi ya namna hiyo kiwandani, na kwenye kona za tapeti kava tone dogo linahitajika. Lakini ikipakwa nene, ile inayoingia ndani hukatika vipande na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini iliyokuwa ikidondosha matone sasa inakosa oili kabisa. Hiyo nayo ni namna ya kuzuia uvujaji.

Kuna pia chanzo ambacho hakidondoshi chochote. Injini hupumua: gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni hutolewa kupitia vali ndogo, ambayo kwa kawaida iko kwenye tapeti kava, na kurudishwa zikaungue. Vali hiyo ikiziba kwa masizi, presha hupanda ndani na kuisukuma oili itoke penye udhaifu. Udhaifu haukosekani: hata Kenya, isiyoruhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, lile "jipya" huenda limefika na raba zilizopikwa miaka saba. Sili mpya kwenye injini isiyopumua haitakaa. Vali nyingi za aina hii huchomolewa na kutikiswa: ikilia chakachaka, yaelekea ni nzima, ikinyamaza, isafishwe au ibadilishwe.

Si kila uvujaji wa kukimbilia, hata hivyo. Injini kuukuu inayotoa jasho bila kudondosha inaweza kwenda miaka, mradi kijiti cha oili kipimwe kila wiki. Oili inayodondokea ekzosi haingoji, kwani inaweza kuwaka; inayofika kwenye mkanda wa taimingi au klachi nayo haingoji. Na ikithibitika kweli ni sili ya nyuma, gari la gia za mkono likaguliwe klachi siku hiyohiyo gia boksi ikiwa chini, maana kinachogharimu pale ni kuishusha na kuipandisha, na hakuna fundi atakayekupa punguzo kwa sababu aliishusha mwezi uliopita.