Darasa la Gando na Joto la Bati

Sisi wa Kidato cha Tatu twaijua vema saa nane ya mchana. Kalamu huteleza vidoleni, na macho hufumba moja baada ya jingine mbele ya mwalimu wa hesabu. Watu husema ni uvivu. Mimi nasema sehemu kubwa ni bati. Kwa kuwa wazazi wetu wanachanga fedha za madarasa mawili mapya, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jinsi kijiji kimoja kilivyoshindana na jambo hili.

Kijiji hicho ni Gando, katika nchi ya Burkina Faso, Afrika ya Magharibi, ambako joto hufika nyuzi 40. Francis Kéré alizaliwa huko mwaka 1965. Gando haikuwa na shule, basi alipelekwa mji mwingine angali mdogo, akasomea katika chumba cha saruji chenye joto kali, watoto zaidi ya mia pamoja. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha usanifu wa majengo. Hata kabla ya kumaliza chuo alikusanya fedha, na shule ya Gando ikamalizika mwaka 2001.

Wanakijiji waliposikia kuwa itajengwa kwa udongo walisita, maana waliona kila mwaka jinsi mvua inavyobomoa nyumba za udongo. Kéré aliutia udongo saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Watoto walileta mawe ya msingi, na akina mama walibeba maji. Matofali hayo hayachomwi. Sisi huku twakata miti mingi ili kuchoma tanuri moja la matofali, halafu twalalamika kuwa kuni zimekuwa mbali! Saruji nayo hupikwa kwa moto wa nyuzi 1,450 hivi, na mawe ya chokaa yakipikwa hutoa hewa ya ukaa. Kwa hiyo kuipunguza ni faida ya pili.

Lakini ajabu yenyewe iko juu. Bati likipigwa na jua huwa kama kikaango, na joto lake huwashukia walio chini. Huko Gando dari ni ya matofali ya udongo, yenye nafasi za kupitisha hewa. Bati halikulala juu ya dari. Limeinuliwa juu yake kwa fito za nondo zilizochomelewa na mafundi wa palepale. Upepo hupita katikati na kuliondoa joto la bati. Hewa ya moto iliyomo darasani hupanda na kutokea darini, na hewa nyingine huingia madirishani. Tena bati limetokeza mbali nje ya kuta, likizikinga na jua na mvua. Hakuna feni, wala umeme hautumiki kupoza chumba.

Mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo, naye ni Mwafrika wa kwanza kuipata.

Wazee watauliza gharama. Nondo ni ghali, sikatai, na fundi wa kuchomelea lazima alipwe. Lakini udongo tunao nyuma ya bweni. Ramani ya madarasa yetu haijapitishwa bado, na dari iliyochorwa humo imegusana na bati.