Kipa Mkongwe Huagwa Siku Anaposaini

Septemba 30, 2020, klabu ya hoki ya barafu ya New York Rangers ilivunja mkataba wa kipa wake Henrik Lundqvist, Mswidi aliyelinda lango lao misimu 15 na kuwapa ushindi wa mechi 459. Alikuwa na miaka 38, na mkataba wake ulibakiza mwaka mmoja tu. Ubishi uliofuata ni ule ule wa kijiweni popote penye timu na nyota aliyezeeka: ameisha au bado yupo? Kwa shabiki, hilo ni swali tamu. Kwa klabu, limekuja wakati maji yameshamwagika. Ninavyoona mimi, hatima ya kipa mkongwe huamuliwa siku anaposaini mkataba wake mkubwa wa mwisho, na kinachofuata miaka sita au saba baadaye ni kulipa deni la siku ile.

Tuanze na kazi yenyewe. Mshambuliaji akizeeka kwenye hoki, kocha humpunguzia dakika taratibu, kwa sababu wachezaji wa ndani hupokezana kila baada ya muda usiofika dakika moja. Humtoa kikosi cha kwanza akampeleka cha tatu, kisha cha nne, na mzee bado ana la kufanya. Lango haligawanyiki hivyo. Makipa wawili huvaa kila mechi, mmoja akacheza na mwingine akakaa benchi na kofia kichwani. Tena umri wa kipa haujioneshi waziwazi. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kipa hukabili takriban mashuti 30 kwa mechi. Kwa jumla ya maisha yake ya hoki Lundqvist aliokoa asilimia 91.8 ya mashuti. Msimu wa 2019/20 aliokoa asilimia 90.5. Pengo hilo ni kama bao moja la ziada kila baada ya mechi mbili na nusu, na kwa mtu wa jukwaani halionekani kabisa. Chukua kipa aliyekabili mashuti 900, yaani mechi 30: pengo hilo ni mabao 12, ilhali bahati peke yake, kisahani cha raba kikigonga mguu wa beki au ukingo wa mlingoti, huweza kumwongezea au kumpunguzia mabao manane bila yeye kubadilika hata kidogo. Kwa hiyo klabu inayosubiri takwimu ziithibitishie kwamba mzee ameisha itasubiri misimu miwili au mitatu, na hiyo ndiyo misimu inayolipiwa bei ya juu.

Sasa rudi Desemba 2013. Lundqvist ana miaka 31, ameshatwaa tuzo ya Vezina ya kipa bora mwaka 2012, na baada ya miezi michache atakuwa huru kwenda popote. Rangers wanamsainisha miaka saba kwa dola milioni 59.5, kuanzia msimu wa 2014/15. Hiyo ni milioni 8.5 kwa mwaka katika ligi ambayo jumla ya mishahara ya timu msimu huo haikuruhusiwa kuzidi dola milioni 69. Ndani ya karatasi hiyo kuna kipengele kwamba hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake. Kuanzia hapo kila uamuzi uliohusu lango ulikuwa umeshafanywa. Februari 2015, Lundqvist akiwa nje kwa kuumia mshipa wa shingo, msaidizi wake Cam Talbot alishika lango vizuri mno, na Rangers wakamaliza vinara wa ligi nzima kwa pointi 113. Kiangazi hicho hicho Talbot alihamishiwa Edmonton. Mwaka 2017 msaidizi mwingine, Antti Raanta, akapelekwa Arizona. Hakuna uzembe hapo. Huwezi kumlipa mtu milioni 8.5 akae benchi, na kijana mwenye uwezo hakubali kuwa mshika taulo milele. Februari 2018 uongozi ukawaandikia mashabiki barua kwamba timu inajengwa upya na wachezaji waliozoeleka wataondoka. Nahodha Ryan McDonagh alihamishwa mwezi ule ule. Kipa hakutaka kuondoka, na karatasi ilimpa haki hiyo.

Januari 2020 Igor Shesterkin alipopandishwa kutoka timu ya daraja la chini, Rangers wakajikuta na makipa watatu na lango moja. Mrusi huyo alicheza mechi 12 akashinda 10. Hapo hesabu ya kuagana ikafanyika, na inafaa kuitazama kwa karibu. Mwaka wa mwisho wa Lundqvist ulikuwa na mshahara wa milioni 4.5 na bonasi ya milioni moja. Kanuni ya ligi husema ukivunja mkataba wa mchezaji wa umri wake unamlipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ukiutandaza katika muda mara mbili ya uliobaki, bonasi haiguswi. Theluthi mbili ya 4.5 ni milioni tatu, kwa miaka miwili ni milioni moja na nusu kila mwaka. Kwenye vitabu vya kikomo cha mishahara, mtu ambaye hayupo tena aliwagharimu milioni 5.5 msimu wa 2020/21 (ile 8.5 ukitoa milioni tatu za mshahara zilizookolewa mwaka ule) na milioni 1.5 msimu uliofuata, wakati janga la korona limekigandisha kikomo hicho pale pale kwenye milioni 81.5.

Linganisha na Nashville. Kipa wao Pekka Rinne, Mfini, alizaliwa mwaka 1982 kama Lundqvist, naye alikuwa na mkataba wa miaka saba. Wake ulisainiwa mapema zaidi, ukafika mwisho mwaka 2019 akiwa na miaka 36. Ingawa alikuwa ametoka kutwaa Vezina mwaka 2018, klabu haikuongeza saba mingine, ilimpa miwili tu kwa milioni tano kila mmoja. Ndani ya miaka hiyo miwili Juuse Saros alilichukua lango hatua kwa hatua. Rinne alicheza mechi yake ya mwisho Mei 2021, hakufungwa, akastaafu kiangazi hicho. Hakuna aliyelipwa ili aondoke.

Wapo watakaosema makipa wazee hushinda. Ni kweli: Tim Thomas aliipa Boston Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mwaka 2011 akiwa na miaka 37, na Marc-Andre Fleury alitwaa Vezina mwaka 2021 akiwa na 36. Lakini wiki chache baada ya tuzo, Fleury alihamishwa na Vegas kwenda Chicago ili kupunguza mzigo wa mishahara, na alihamishika kwa sababu mkataba wake ulibakisha mwaka mmoja. Ubora wake haukumzuia kuondoka, na mkataba wake mfupi uliiepusha klabu na fidia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwaka 2013 Rangers hawakuwa na ubavu wa kukataa, kwani klabu nyingine ingempa miaka hiyo. Inawezekana. Ila palikuwa na nafasi ya kujadiliana, mathalani pesa nyingi zaidi kwa mwaka kwa miaka mitano. Miaka mitano ingekwisha kiangazi cha 2019, kiangazi kile kile Shesterkin alipotia saini kutoka Urusi. Hakuna aliyeweza kulijua jina hilo mwaka 2013, maana hata hakuwa amechaguliwa na klabu yoyote ya NHL. Kujua kwamba atakuja kijana fulani hakukuhitaji mganga.

Kuna pia hoja ya heshima, kwamba mtu aliyetumikia klabu miaka 15 hafungiwi mlango hivyo. Mimi naona heshima haipimwi kwa miaka ya mkataba. Januari 2022 jezi namba 30 ya Lundqvist ilipandishwa juu ya uwanja wa Madison Square Garden, na mwaka 2023 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa hoki. Wala isisemwe kwamba maradhi ya moyo yaliyomzuia kuichezea Washington, alikokwenda baada ya kuachwa, yaliwapa Rangers haki. Yalitangazwa baada ya wao kukata shauri.

Desemba 2024 klabu hiyo hiyo ilimsainisha Shesterkin, mshindi wa Vezina wa 2022, miaka minane kwa dola milioni 92, kiwango ambacho hakuna kipa aliyewahi kulipwa kabla yake. Mkataba ulianza msimu wa 2025/26. Utakapokwisha, mwaka 2033, atakuwa na miaka 37.