Fahamu: Mchango wa Juja katika elimu ya madini Taita Taveta

Uhusiano wa Juja na Taita Taveta ni upi? Kati ya Ruiru na Thika, pale Juja, ndipo kilipo chuo kikuu cha JKUAT. Chuo hicho ndicho kilicholea taasisi iliyopata hati yake mwaka 2016 na kuwa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, katika kaunti kame yenye vito na chuma.

Sayansi inasaidiaje? Tsavoraiti, kito cha kijani kinachochimbwa huko, hupata rangi kutokana na vanadi au kromi. Anayeijua miamba hachimbi kwa kubahatisha, wala hapunjwi na dalali.

Wenyeji wananufaikaje? Sheria ya Madini ya 2016 inaitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha, na kaunti asilimia 20. Vijana wao wakisoma jiolojia, wataufuatilia mgao huo kwa hoja na hesabu.