WOTE WAWILI WANA MALENGELENGE YA SEHEMU ZA SIRI: NDOA IENDELEEJE?



Katika semina za afya ya familia wilayani Tarime na Serengeti, swali moja hutujia kwa kunong'onezwa baada ya kikao: "Mimi na mwenzangu wote tumeambiwa tuna ugonjwa huu. Je, tuachane?" Tunalijibu hapa ili wazee wa usharika na viongozi wa akina mama nao waweze kulijibu.

Ugonjwa wenyewe

Malengelenge ya sehemu za siri (hepesi) huletwa na virusi vya aina mbili. Aina ya kwanza hutoa zaidi vidonda vya mdomoni, lakini huweza kufika sehemu za siri. Aina ya pili huambukizwa kwa ngono. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na aina ya pili, na wengi wao hawajui. Virusi hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kuamka tena baadaye. Hakuna dawa ya kuviondoa, ila asiklovia hupunguza vidonda na muda wa kuugua.

Hapa ndipo ndoa nyingi huvunjika bure. Kwa kuwa virusi hukaa miaka mingi bila dalili, lengelenge linalotokea leo si ushahidi kwamba mtu amezini juzi, wala halionyeshi nani alianza. Mke asipigwe wala kurudishwa kwao kwa sababu hiyo.

Wote wakiwa nao

Kama wote wawili wana aina ileile, ni nadra kuambukizana upya. Wanaweza kuendelea na tendo la ndoa wakizingatia yafuatayo:

1. Wapumzike tangu mwasho au kuungua kunapoanza hadi vidonda vipone kabisa. Mtume Paulo (1 Wakorintho 7:5) anawaruhusu wanandoa kujitenga kwa muda, kwa kupatana.

2. Wote wapime VVU. Hepesi ya aina ya pili huongeza hatari ya kupata VVU takriban mara tatu, na asiklovia haizuii hilo. Utafiti kwa wanawake wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha hivyo. Mwingine wa mwaka 2010, kwa wanandoa wa nchi kadhaa za Afrika, ulikuta dawa imepunguza vidonda kwa asilimia 73 lakini haikuzuia VVU kupita. Mwenye VVU atumie ARV, na kondomu zitumike kama mtoa huduma atakavyoshauri.

3. Anayegusa vidonda anawe mikono kwa sabuni, asishike macho.

4. Mama mjamzito amweleze mkunga mapema. Vidonda vikiwepo wakati wa uchungu, huenda akahitaji kujifungua kwa upasuaji. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho ya ujauzito.

5. Wasijitibu kwa kukisia. Kaswende nayo huleta kidonda, nayo hupona kwa dawa.

Nyumba zenye zaidi ya wawili

Kwetu "wote wawili" mara nyingine ni watatu au wanne. Ipo mitara. Ipo pia nyumba ntobhu, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke kijana, naye huzaa na mwanamume mwingine. Kila anayehusika aelezwe na apimwe, kwa maana virusi huweza kupita hata pasipo vidonda. Kondomu hupunguza hatari hiyo lakini haiimalizi, kwa kuwa haifuniki ngozi yote.

Kamati zifanye nini

Tunaziomba kamati zitunze siri, zisiwatangaze wagonjwa, na zisiamue shauri la uzinzi kwa kutazama vidonda. Wanandoa wapelekwe pamoja kituo cha afya. Kwa wahisani wetu: nauli ya watu wawili kutoka kijijini hadi hospitali ni msaada mdogo, lakini mara nyingi ndio unaowawezesha mume na mke kusikia jibu moja kwa pamoja.