Kiti Kimoja, Bolti Nne: Kupanga Vipande vya Mashua Bila Kuvuruga Orodha ya Vifaa

Mashua za mbao zinazotoka Baraka kuelekea rasi ya Ubwari, au zinazopandisha Ziwa Tanganyika hadi Uvira zikiwa na abiria na magunia, bado huundwa zaidi kwa macho na mazoea ya fundi kuliko kwa karatasi. Hata hivyo, pale chombo cha aina hiyo kinapochorwa kwa kompyuta kabla mbao hazijakatwa, faida kubwa si uzuri wa picha bali ni orodha ya vifaa, yaani jedwali linalotaja kila kipande na idadi yake, ambalo programu hulitoa yenyewe kwa kuhesabu vilivyomo mchoroni. Mahali ambapo vitu vya chuma huagizwa kutoka mbali na kuletwa kwa barabara ya Uvira au kwa maji, orodha yenye kasoro hugunduliwa mzigo ukishashushwa.

Programu za usanifu kama SolidWorks, Inventor na FreeCAD, ambayo haina malipo, huleta vipande pamoja katika kinachoitwa mkusanyiko, ambamo bolti iliyochorwa mara moja huweza kuonekana mahali 40 bila kuchorwa upya. Wazo hilo la kipande asilia kimoja na nakala zake nyingi ni kongwe kuliko programu hizo zote, kwani lilikuwamo katika Sketchpad, programu ambayo Ivan Sutherland aliitengeneza Marekani na kuieleza mwaka 1963. Kando ya mchoro huwapo mti wa majina ya vipande, na mchoro ukifikia mamia ya vipande mti huo hurefuka hata usisomeke, ndipo mchoraji anapotamani kuvipanga katika makundi: viti pamoja, paa pamoja, vishikizo vya injini pamoja.

Hapo ndipo orodha inapoharibika. Njia inayomjia mchoraji haraka ni kuvifanya vipande vya kundi kuwa mkusanyiko mdogo, nao programu huuona kuwa ni kitu kamili chenye jina lake. Mashua iwe na viti 6, na kila kiti kifungwe kwa bolti 4, huku bolti 16 za kipimo kilekile zikitumika kwenye fremu ya paa. Kabla ya kupanga, orodha husema bolti 40. Viti vikishafanywa mikusanyiko midogo, orodha ya ngazi ya juu husema viti 6 na bolti 16, na zile 24 zimejificha ndani ya neno “kiti”. Programu haikukosea, kwa kuwa imeulizwa vitu vya ngazi ya kwanza ikavitaja; lakini anayekwenda dukani na karatasi hiyo atarudi na bolti 16.

Dawa nyepesi ni folda ya ndani ya mti. Folda hukusanya majina tu, haiwi kitu ndani ya mchoro, kwa hiyo vipande hubaki katika ngazi yao na hesabu hubaki 40. Upungufu wake unatokana na sifa hiyohiyo, maana folda haina mahali pake angani: katika FreeCAD, kwa mfano, kundi la kawaida halina nafasi yake yenyewe, ilhali chombo kiitwacho Part kinayo, na kukisogeza ni kusogeza vyote vilivyomo. Mchoraji anayetaka tu kusoma mti vizuri anatosheka na folda, lakini anayetaka kukisogeza kiti kizima mbele kwa mkupuo mmoja itamlazimu kutumia mkusanyiko mdogo.

Kwa haja hiyo ya pili kuna kinachoweza kuitwa mkusanyiko hewa. Katika Inventor mkusanyiko mdogo huweza kutiwa alama maalumu, na katika SolidWorks kuna chaguo linalofanya kazi ileile, ili jina la kundi liondoke kwenye orodha na vipande vyake vipandishwe ngazi moja na kuhesabiwa pamoja na vingine. Ziwa Tanganyika lilikwisha kuona mpango wa namna hiyo. Meli Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapitia Dar es Salaam na reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Ndiyo hiyo inayojulikana tangu 1927 kwa jina la Liemba. Kasha lilikuwa kundi la safari, na lilipofunguliwa Kigoma lilitoka katika hesabu, yakabaki mabamba ya chuma.

Isidhaniwe kwamba kila kundi linafaa kuvunjwa. Programu nyingi hutoa pia orodha ya vipande vitupu, ambayo huvunja makundi yote kwa pamoja, na wapo wanaoikimbilia kwa sababu ni rahisi. Tatizo ni kwamba injini ya Yamaha iliyochorwa kwa undani itamwaga humo skrubu na mipira ambayo hakuna anayeinunua mmojammoja, ilhali injini hununuliwa nzima. Kundi ambalo duka huliuza kama kitu kimoja libaki mstari mmoja, na lile ambalo fundi hulifunga mwenyewe lifunguliwe. Tena bolti isihifadhiwe kwa majina mawili, kwani programu itaiandikia mistari miwili na jumla ya 40 haitaonekana popote.

Linabaki swali la mizigo. Mtu huweza kuongeza safu yenye kichwa “mzigo” ili kuonyesha kitakachokuja kwanza na kitakachofuata, lakini maelezo hayo kwa kawaida huandikwa kwenye kipande asilia, nayo nakala zote huyarithi. Bolti za viti na za paa zitasomeka kuwa za mzigo mmoja, hata kama paa litafungwa miezi miwili baadaye, na mgawanyo huo wa 24 na 16 aghalabu huandikwa kwa kalamu pembeni mwa karatasi iliyochapishwa.