Albamu nyeupe iliyofundisha Metallica

Ndugu na dada, tukisikia heavy metal, wengi wetu tunasema: ah, ile ni makelele tu. Hata wanaoipenda wanataja Metallica, wanaishia hapo. Leo nataka niwaelezee walimu wao: Diamond Head, vijana wa Stourbridge, Uingereza, na albamu yao Lightning to the Nations ya mwaka 1980.

Wakati ule makampuni ya disiki yalikuwa yanasaini vikundi vingi vya rock, lakini hawa hawakuwa na mkataba. Basi wakaitoa wenyewe: nakala 1000 za kwanza, ganda jeupe pe, bila picha wala jina la albamu. Ndani, nyimbo 7.

Uzuri wake uko wapi? Sikiliza Am I Evil?. Inaanza polepole, nzito, kama askari wanatembea. Kisha gitare ya Brian Tatler inabaki peke yake, inakimbia. Halafu wimbo wenyewe unaingia, na mbele kidogo mwendo unaongezeka. Ni zaidi ya dakika 7 na hauchoshi, maana kila kipande kinatayarisha kinachofuata. Njo pale nilielewa kwamba nguvu ya huu muziki iko kwa mpangilio, si kwa kelele.

Lars Ulrich, kijana wa Denmark aliyekuwa anaishi California, aliipenda sana. Mwaka 1981 akasafiri mpaka Uingereza kuwaona, akalala kwao. Mwaka ule ule akaanzisha Metallica pamoja na James Hetfield. Kikundi hicho kilikuja kurekodi nyimbo 4 kati ya zile 7, na watu wengi mpaka leo wanafikiri ni zake.

Sisi wenye diplome na memuari zinazolala kabatini, jambo hili linatugusa. Sitawadanganya eti kazi nzuri inajilipa yenyewe: Diamond Head hawakupata utajiri wa Metallica. Ila Tatler na mwimbaji Sean Harris waliandikwa kama watunzi, njo maana Metallica wakiuza zile nyimbo, haki ya mtunzi inawafikia. Kwa hiyo, ukifanya kazi yako, hata kama hakuna patron anayekutafuta, itoe, na uandike jina lako juu yake.

Ukipata mega kidogo, isikilize yote, toka wimbo wa kwanza. Kisha utuambie hapa chini ulisikia nini.